Maana ya kukuza safu ya diski za seva bila kupoteza data

Safu ya diski ni diski kadhaa zilizounganishwa ndani ya seva hadi mfumo ukaziona kama diski moja. Jina lake la kitaalamu, RAID, lilitolewa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kukuza safu ni kutoa diski ndogo na kuweka kubwa, moja baada ya nyingine, data ikibaki ilipo na mara nyingi watumiaji wakiendelea na kazi zao.

Fikiria nyumba ya tembe ya Kigogo ambayo nguzo zake zimeliwa na mchwa. Mwenye nyumba hahami. Anang'oa nguzo moja, anasimika mpya, kisha anakwenda kwenye inayofuata, na paa la udongo linabebwa na zilizobaki. Akisimika nguzo ndefu zaidi, paa bado halipandi hata inchi moja mpaka nguzo zote ziwe ndefu. Safu ya diski ni hivyo hivyo: ukubwa wake hupimwa kwa diski iliyo ndogo kuliko zote.

Tuchukue seva yenye diski nne za 2 TB katika RAID 5, aina ya safu inayovumilia kufa kwa diski moja. Nafasi ya kutumia ni 6 TB, kwa sababu nafasi sawa na diski moja huenda kwenye pariti. Pariti ni hesabu ya kufanya idadi ya moja iwe shufwa. Diski tatu zikiwa na 1, 0 na 1, tayari moja ni mbili, kwa hiyo pariti ni 0. Diski ya pili ikifa, seva inaangalia 1, 1 na pariti 0, inajua kilichopotea ni 0. Inafanya hivyo kwa kila biti, na kazi hiyo ndiyo huitwa kujenga upya. Ukibadilisha diski zote nne kuwa za 8 TB utapata 24 TB, lakini ukiwa umebadilisha tatu bado una 6 TB zile zile. Wengi hushtuka hapa wakidhani wameuziwa diski feki.

Hatari yote imo kwenye kujenga upya. Ukishatoa diski moja ya RAID 5, safu inachechemea: haina tena cha kuikinga, na wakati huo huo diski tatu zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho, 6 TB kwa jumla. Diski nyingi za kawaida hutengenezwa kwa kipimo cha kosa moja la kusoma kwa kila biti trilioni 100, yaani takriban 12.5 TB. Hicho ni kipimo cha mtengenezaji, na diski nyingi hufanya vizuri zaidi, ila diski iliyozunguka miaka sita ndani ya vumbi si ya kuamini. Inaweza kuwa na sekta mbovu, yaani vipande vidogo visivyosomeka, mahali ambapo hakuna aliyepasoma tangu mwaka juzi. RAID 6 ina pariti mbili, hivyo inavumilia kosa hilo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa bisibisi, toa nakala ya data yote iende nje ya seva, halafu jaribu kurudisha mafaili machache kutoka kwenye nakala hiyo. Safu si bakapu; faili likifutwa, linafutwa kwenye diski zote kwa pamoja. Kisha lazimisha safu ijisome yote ingali nzima; kwenye seva ya Linux, ambako safu huitwa md0, amri ni: `echo check > /sys/block/md0/md/sync_action`. Angalia afya ya kila diski kwa `smartctl -a`, hasa mistari ya Reallocated_Sector_Ct (sekta zilizokwisha kubadilishwa) na Current_Pending_Sector (sekta zinazosubiri). Diski yenye sekta zinazosubiri ndiyo ya kutoa kwanza.

Manunuzi nayo yana mitego. Kwa aliyeko Dodoma diski nyingi hutoka Dar es Salaam, zimesafiri kilomita 450 hivi kwenye buti la basi, basi ipe kila moja kipimo kirefu cha `smartctl -t long` kabla haijaingia kwenye safu. Epuka diski za aina ya SMR, ambazo njia zake za kuandikia hupandana kama vigae. Zikiandikwa mfululizo kwa saa nyingi hupungua kasi hadi kidhibiti, kifaa kinachoendesha diski za seva, kikadhani zimekufa na kuzitupa nje. SATA na SAS ni aina mbili za viungio: diski ya SATA huingia kwenye tundu la SAS, ya SAS haiingii kwenye la SATA. Vidhibiti vya zamani vingine havioni zaidi ya 2 TB kwa diski, na jedwali la sehemu la MBR nalo linaishia hapo hapo, hivyo diski mpya igawanywe kwa GPT, jedwali la aina mpya zaidi.

Kama seva ina tundu moja lililo wazi, usitoe diski kwanza. Chomeka mpya pembeni, halafu tumia mdadm, programu ya Linux inayosimamia safu:

`mdadm /dev/md0 --add /dev/sde1`
`mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdb1 --with /dev/sde1`

Hapo data inanakiliwa moja kwa moja kutoka diski ya zamani (sdb1) kwenda mpya (sde1), na safu haichechemei hata dakika moja. Kwa maoni yetu, tundu tupu kwenye seva lina thamani kuliko diski ya ziada iliyokaa kabatini. Kama hakuna tundu, itabidi `--fail` kisha `--remove`, utoe trei, uweke mpya na `--add`.

Kosa la kijinga na la kawaida kuliko yote ni kuvuta trei isiyo yenyewe. Jina sdb halisemi diski ipo tundu la ngapi. Soma namba ya utambulisho ya diski (serial number) kwa `smartctl -i`, iandike kwenye kipande cha tepu juu ya trei, ndipo uvute. Kiangazi cha Dodoma, upepo mkavu wa Julai na Agosti unapovuma, ukivua sweta tu unasikia cheche. Shika chuma tupu cha kasha la seva kabla ya kushika diski, cheche hiyo isiirukie.

Kwa kasi ya MB 150 kwa sekunde, 2 TB hujengwa kwa saa 3 na dakika 42, na zaidi kama watu wanatumia seva. Fuatilia kwa `cat /proc/mdstat`, na usiguse diski inayofuata mpaka uone [UUUU], yaani diski zote nne ziko kazini. UPS ya ofisini, ile betri ya akiba, haitabeba saa zote hizo, kwa hiyo iwekwe iizime seva kwa utaratibu umeme ukikatika. Ikiwashwa, mdadm huendelea ilipoachia. Ikizimika ghafla, data mpya inaweza kuwa imeandikwa huku pariti ikiwa bado ya zamani, na ujenzi utakaofuata utazalisha uchafu bila kulalamika.

Diski ya nne ikimaliza, afisa TEHAMA anaandika `df -h` na kuona nafasi ile ile. Bado kuna tabaka tatu za kufungua, kutoka chini kwenda juu. Kwanza safu yenyewe: `mdadm --grow /dev/md0 --size=max`. Pariti ya 6 TB mpya kwenye kila diski itasawazishwa kwa saa 11 nyingine. Kama safu ina metadata (maelezo yake yaliyoandikwa kwenye diski) ya toleo 0.90, kuna kikomo cha ukubwa wa diski, 2 TB au 4 TB kulingana na kerneli, kiini cha Linux; toleo linaonekana kwa `mdadm --detail`. Pili ni LVM, tabaka la kugawa nafasi, kama ipo: `pvresize` halafu `lvextend`. Tatu ni mfumo wa mafaili: `resize2fs` kwa ext4, `xfs_growfs` kwa XFS. Kwa mfano wetu kuna kizingiti: ext4 iliyoundwa zamani bila kipengele cha 64bit haivuki 16 TiB (kipimo kinachohesabu kwa 1024 badala ya 1000), na 24 TB ni karibu 21.8 TiB. Inabidi uushushe mfumo wa mafaili (unmount), uukague kwa `e2fsck -f`, kisha uupe kipengele hicho kwa `resize2fs -b`. Na XFS ikishakuzwa usitegemee kuirudisha nyuma.

Kama seva huwaka kutoka kwenye diski hizo hizo, endesha `grub-install` kwenye kila diski mpya, la sivyo utagundua siku itakapowashwa tena kwamba kiwashio kilikuwa kwenye zile ulizotoa.

Diski za zamani zifungie kwa wiki mbili au tatu zikiwa na tepu zao. Baada ya hapo, kabla ya kumpa mnunuzi wa vifaa vilivyotumika, zifute kwa `shred`. Diski moja ya RAID 5 ina vipande vya hadi mamia ya kilobaiti mfululizo, vinavyotosha kabisa kusoma barua au orodha ya mishahara.