Weledi kazini si kuvaa tai: tunayoyaamini Dar na ukweli wake

"Weledi ni mambo ya watu wa ofisini."

Hii ndiyo dhana inayotuumiza zaidi, maana inawaweka kando wengi wanaoliendesha jiji hili: fundi cherehani, dereva wa bajaji, mama ntilie, fundi bomba. Ukweli ni kwamba mteja humpima fundi wa Kariakoo kwa vigezo vilevile anavyompimia mhasibu wa Posta. Alichoahidi kimefanyika? Kwa wakati? Kwa bei waliyopatana?

Mtazame fundi cherehani wiki ya mwisho ya Ramadhani. Vitambaa vimejaa mpaka juu ya kabati, na bado anapokea kingine na kusema, "Njoo Alhamisi, dada yangu." Anajua fika kwamba Alhamisi haiwezekani, lakini anaogopa kwamba akisema amejaa atakuwa amemfukuza mteja. Sivyo. Aliyeambiwa ukweli mapema atashona kwingine Idi hii na kurudi siku nyingine. Aliyezungushwa mpaka usiku wa kuamkia sikukuu harudi tena, na mtaa mzima utapata habari. Fundi mwenye daftari la tarehe, anayepokea kazi anazozimudu na kupiga simu mapema akiona mambo hayaendi, kwangu mimi ni mweledi kuliko meneja mwenye suti anayekaa na barua ya mteja wiki nzima bila kujibu.

"Foleni inajulikana, kwa hiyo haihitaji maelezo."

Masika yakichachamaa na Jangwani ikajaa maji, Barabara ya Morogoro hufungwa na mwendokasi nao husimama. Hakuna muungwana atakayemlaumu mtu wa Kimara kwa hilo. Kosa ni kusema "nipo Magomeni, naingia sasa hivi" wakati hata viatu hujavaa. Ukitoa taarifa ya kweli kabla ya saa ya kikao, wenzako wanaweza kukisogeza. Ukidanganya, unawakalisha bure.

"Mchapakazi haondoki mapema na haombi likizo."

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku kwa wafanyakazi walio wengi. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28. Kudai haya kwa utaratibu si uvivu hata kidogo.

"Bosi kijana akimwamkia mhudumu mzee anashusha cheo."

Shikamoo haijawahi kumpokonya mtu mamlaka. Mwamkie mzee wako asubuhi, na saa nne mwombe ripoti yake kama unavyowaomba wengine.

"Habari za mteja ni mazungumzo tu."

Picha ya kitambulisho cha mteja kwenye kundi la WhatsApp, au minong'ono ya mapokezi kuhusu nani alikuja kupima nini, ni usaliti. Tena si suala la adabu pekee: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hata usipomtaja jina, mtaani kwetu watu huunganisha mambo haraka.

"Kumheshimu bosi ni kukubali kila kitu."

Hapa ndipo vijana wengi wazuri wanapoponzwa. Karani wa ghala anaambiwa, "Saini tu, mzigo uko njiani." Anasaini kwa heshima. Wakija wakaguzi magunia hayatoshi, na jina lililo kwenye hati ni lake; aliyemwagiza hakumbuki kusema chochote. Kukataa hakuhitaji kupandisha sauti. "Mzee, naomba nihesabu kwanza, kisha nitasaini" ni maneno ya adabu kabisa. Akisisitiza, mwombe agizo hilo kwa maandishi. Mzigo ukifika pungufu, andika kwenye hati idadi uliyoipokea hasa, weka tarehe, na ubaki na nakala.