Je, wajua kwa nini Java, lugha ya kuandikia programu, hukataa kuunda objekti ya klasi dhahania? Klasi ni kiolezo, objekti ni kitu kinachoundwa kutokana nacho, na klasi dhahania ni kiolezo kinachohesabiwa kuwa hakijakamilika.

Mwambie mtu pale Kariakoo akutafutie usafiri wa Mbagala, atakuuliza: upi? Daladala, bajaji au bodaboda? Maana hakuna chombo barabarani kinachoitwa "usafiri" tu. Anayeandika programu ya nauli za Dar es Salaam kwa Java naye hubanwa vivyo hivyo na kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri msimbo wake kabla haujaendeshwa.

Tuseme ana klasi dhahania, Usafiri, yenye methodi (vitendo vya klasi) mbili. toaRisiti() imekamilika: inachapa tarehe, inaita nauli(), inachapa kiasi. Lakini nauli() imetajwa jina tu, haina mwili. Ingeandikwaje? Nauli ya daladala hupangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Ya bodaboda mara nyingi mnapatana hapohapo. Basi klasi Daladala na Bodaboda, watoto wa Usafiri, zinarithi toaRisiti() kama ilivyo, ila kila moja lazima iandike nauli() yake. Isiyoandika, nayo itabidi itangazwe kuwa dhahania.

Wengi hukwama hapa. toaRisiti() imeandikwa kwa mzazi, yaani Usafiri, na mzazi hajui nauli. Inaitaje kitu ambacho hakipo? Ni kwamba programu inapoendeshwa, Java haijali mwito umeandikwa wapi. Inajali objekti iliyopo mkononi ni ya klasi gani. Ikiwa ni Bodaboda, nauli() inaanza kutafutwa ndani ya Bodaboda, hata kama mwito umetoka Usafiri. Ikikosekana, ndipo inatafutwa kwa mzazi. Si jambo jipya: Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norway walikuwa nalo tangu 1967, katika lugha ya Simula.

Sasa andika new Usafiri(), amri ya kuunda objekti ya Usafiri. Kama ingekubaliwa, toaRisiti() ingefika kwenye nauli() ikute pengo, na hakuna mtoto wa kuliziba. Java inagoma mapema, wakati wa kukompaili. Python, lugha nyingine ya programu, kwa klasi dhahania zilizojengwa kwa moduli yake ya abc, hugoma programu ikiwa tayari inaendeshwa, kwa kosa la TypeError. Mimi niko upande wa Java hapa.

Kinachoshangaza kidogo ni kwamba Usafiri inaruhusiwa kuwa na konstrakta, yaani sehemu inayoandaa objekti inapoundwa. Huwezi kuiita kwa new, lakini kila Bodaboda inapoundwa, konstrakta ya mzazi humaliza kazi yake kwanza, kwa mfano kuhifadhi namba ya usajili, kisha ya mtoto ndiyo inaendelea.