Kitovu cha tetemeko hakiko chini ya ardhi

Kila nchi inapotikisika, nasikia redioni sentensi ileile: “Kitovu cha tetemeko kilikuwa kilomita kumi chini ya ardhi.” Nimeisikia mara nyingi mno. Kitovu hakiwezi kuwa chini ya ardhi.

Tetemeko huanzia kilindini, pale mwamba unapokatika na kuteleza. Hapo ni kiini. Pandisha mstari wima kutoka kiini: pale unapotokeza usoni mwa nchi ndipo kitovu. Maana ni hiyo tu.

Na maneno yenyewe yalichaguliwa vizuri. Kitovu cha mtu kiko juu ya ngozi, kinaonekana. Kiini ni cha ndani daima: kiini cha yai, kiini cha mti. Wataalamu wa Ulaya walikwenda kwa Wagiriki wakachukua epi, yaani juu ya, na kentron, ncha kali kama ile ya bikari inayochomwa karatasini. Nadhani kinachotupoteza sisi ni ule usemi wetu, “hapa ndipo kilipozikwa kitovu changu.” Lakini kilichozikwa pale ni kipande kilichodondoka, kitovu chenyewe unatembea nacho.

Tofauti hii huonekana katika vipimo. Tetemeko hutoa mawimbi ya P, yenye kasi zaidi, na ya S, ya polepole. Ya P hufika kwanza kwenye kituo cha kupimia, ya S yakafuata, na kila sekunde moja kati yao ni kama kilomita 8 za umbali kutoka kituoni. Umbali huo ni wa hadi kwenye kiini, si kitovu. Tena kuna wimbi la P linalopanda kwanza, likagonga uso wa nchi juu ya kiini, likarudi chini na kufika limechelewa. Kuchelewa huko ndiko kunakotoa kina.

Na kina kina uzito wake. Juni 1994 Bolivia ilipata tetemeko la ukubwa wa 8.2, kiini kikiwa zaidi ya kilomita 600 chini. Lilisikika hadi Kanada, madhara yakawa machache. La Agadir, Moroko, mwaka 1960, halikufika hata 6, ila kiini kilikuwa karibu na uso wa nchi, chini ya mji wenye nyumba dhaifu. Walikufa watu zaidi ya 12,000.

Kwa hiyo lile la Bukoba la 10 Septemba 2016, ndugu watangazaji, lisomeke hivi: kitovu mkoani Kagera, kiini kama kilomita 40 chini yake.