Maana ya "bien", neno la Kiskoti la mtu anayejiweza

Ukilikuta neno bien kwenye shairi la Uskoti, usilisome Kifaransa. Linatamkwa "biin", kwa irabu moja ndefu, na watu wa kale waliliandika kila mtu kama sikio lake lilivyomtuma: bene, beyne, bein, bien. Ni neno la Kiskoti, lugha ya nyanda za chini za Uskoti iliyo ndugu wa Kiingereza, tofauti kabisa na Kigaeli cha milimani na visiwani. Kamusi zitakwambia kwamba bien ni mtu mwenye mali, nyumba iliyojaa vitu, mahali pakavu penye joto, kitu kilicho katika hali nzuri. Zote ni kweli. Ila zikipangwa foleni namna hiyo zinaonekana kama maana nne zisizojuana, na hapo ndipo wasomaji wengi wanapolipoteza neno lenyewe.

Sisi tuna njia fupi ya kulifikia, nayo ni kitenzi kujiweza. Tukisema fulani anajiweza, hatujasema ni tajiri. Tajiri anaweza kuwa na majumba na bado akawa na madeni yanayomnyima usingizi. Anayejiweza ni yule ambaye mgeni akiingia kwake jioni bila taarifa, atakula. Msibani anatoa, na wiki inayofuata haji kukukopa. Angalia pia kwamba hatukutaja heshima mahali popote, lakini imeshaingia yenyewe: hakuna anayesema "anajiweza" kwa dharau. Bien limejengwa hivyohivyo. Mali na heshima havikuunganishwa ndani yake na mwanafalsafa fulani. Vilikuwa kitu kimoja tangu mwanzo, kwa sababu ya namna watu walivyoishi.

Ingia basi katika nyumba ya mkulima wa Uskoti wa karne ya 17 au ya 18. Nyumba ya kawaida ilikuwa na vyumba viwili. Cha nje, chenye moto wa kupikia, kiliitwa but, na cha ndani kikaitwa ben. Macho ya mgeni yalikwenda kwanza kwenye girnel, kasha kubwa la mbao la kuhifadhia unga wa oti. Oti ndiyo nafaka iliyoota vizuri katika baridi na mvua ile, na unga wake ulikuwa uji wa asubuhi, mkate mwembamba wa kuchoma juu ya bamba la chuma, na wakati mwingine mshahara wa kibarua na sehemu ya kodi ya shamba pia. Unga ulishindiliwa ndani ya girnel ukakaza ili usiharibike. Kifuniko kikiinuliwa mwezi wa tano, kabla ya mavuno mapya, na unga bado uko nusu ya kasha, hiyo ilikuwa habari ambayo kijiji kizima kingeijua.

Halafu kuna mengine. Nje ya mlango kuna rundo la mboji iliyochimbwa kwenye majimaji na kukaushwa iwe kuni. Karibu na sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, ng'ombe aliyenoneshwa kwa ajili ya majira ya baridi alichinjwa na kutiwa chumvi, na ng'ombe huyo aliitwa mart. Bustanini kuna kale, ndugu wa sukuma wiki yetu. Kwenye kasha la nguo, kist, kuna mablanketi na mashuka aliyokuja nayo mke siku ya ndoa. Nyumba yenye hayo yote, tena paa lake halivuji, ndiyo iliyoitwa bien. Ukishaiona nyumba hiyo, utaelewa kwa nini neno moja liliweza kusema "imejaa", "ina joto", "ni kavu" na "wenyewe wana uwezo" kwa pumzi moja. Katika nchi ile huwezi kuwa na akiba ikiwa nyumba ina unyevu, maana unga utaoza. Huwezi kuwa na joto bila rundo la mboji. Vilikwenda pamoja.

Akiba haiozi, tunasema. Kwao iliweza kuoza, na iliweza pia kukosekana kabisa. Katika miaka ya 1690 mavuno yaliharibika mara kadhaa, watu wakafa kwa njaa na wengine wakahama. Neno linalosifu kasha lililojaa lina uzito wake kwa watu wenye kumbukumbu ya namna hiyo.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa zamani zaidi ya njaa hiyo. Katika karne ya 15, Robert Henryson, anayekumbukwa kama mwalimu wa shule katika mji wa Dunfermline, aliandika hadithi za wanyama kwa mashairi, na mojawapo ni ile ya panya wawili, wa shamba na wa mjini. Kisa ni cha kale kuliko yeye, lakini aliwavisha panya wake nguo za Uskoti. Ni dada wawili. Mkubwa anaishi mjini, tena ana uraia kamili wa mji na uanachama wa chama cha wafanyabiashara, halipi ushuru, na anatembea atakavyo kati ya jibini na makasha ya unga. Mdogo anaishi porini chini ya kichaka, kwenye nyumba ambayo Henryson anasema imetengenezwa kinyonge kwa mimea laini ya kuota mawenini na majani ya porini.

Mkubwa anamtembelea mdogo, anaandaliwa njugu na njegere, anakunja uso. Anasema Ijumaa Kuu yake ina chakula bora kuliko Pasaka ya mdogo wake. Wanaondoka pamoja kwenda mjini, wanaingia stoo ya tajiri: jibini, siagi, nyama, samaki, magunia ya unga. Wanakula na kuimba kama ni Krismasi. Mara msimamizi wa stoo anafungua mlango, panya wa mjini anakimbilia shimoni mwake na wa shamba, asiye na shimo mahali pale, anaanguka chini kwa hofu. Anapopata nafuu kidogo anakuja paka. Anamkamata, anamrusha huku na huku, anamwachia na kumdaka tena, mpaka maskini anapopata upenyo nyuma ya pazia la ukutani na kujinusuru. Anaaga. Anarudi kwao.

Sasa sikiliza Henryson anavyoisema ile nyumba ya kichakani mara hii ya pili. Ina joto kama sufu, anasema, ingawa si kubwa, na ni "full beinly stuffit, baith but and ben". Beinly ni bien iliyofanywa kielezi. Nyumba ileile iliyokuwa imejengwa kinyonge mwanzoni mwa shairi, sasa imejaa kwa namna ya bien, chumba cha nje na cha ndani, njegere, njugu, maharage, nafaka ya rai na ngano. Hakuna kilichoongezwa ndani yake wakati mwenyewe hayupo. Zaidi ya hapo, mshairi alikuwa na panya mwingine ambaye angeweza kumpa neno hili: raia wa mji, msamehewa ushuru, mwenye stoo nzima. Kwa mwisho wa hadithi hakumchagua yule. Neno amempa anayekula apendapo, kwa utulivu, bila kumwogopa mtu.

Mimi naona hapo ndipo penye kiini chake. Stoo ya mjini ilikuwa ya mtu mwingine. Panya mkubwa alikula vizuri kwa kumvizia mwenye mali, akiwa sikio mlangoni. Chakula cha panya mdogo kilikuwa chake.

Upande wa heshima ulipata nguvu zaidi kwa sababu ya namna maskini walivyoshughulikiwa. Sheria ya 1579 iliweka mzigo wa maskini juu ya kila usharika. Baraza la wazee wa kanisa lilikusanya sadaka na kutunza orodha ya wanaosaidiwa, na orodha hiyo haikuwa siri. Katika sharika nyingi, aliyeandikwa humo alitakiwa kuviachia vitu vyake vya nyumbani, ili akifa viuzwe kwa mnada na fedha zirudi kwenye sanduku la maskini. Fikiria mjane anayejua kwamba blanketi alilolala siku ya kufa litanadiwa mbele ya majirani. Kwa upande mwingine walikuwepo ombaomba wenye kibali cha mfalme, waliovaa joho la buluu na beji kifuani, kila mtu akiwajua kwa mbali. Mtu bien alikuwa upande wa pili wa mstari huo. Jina lake halimo kwenye orodha, na Jumapili ni yeye anayetia sarafu sandukuni. Hata mahakamani uwezo wake ulihesabika: jirani akihitaji mdhamini, ambaye sheria ya Uskoti inamwita cautioner, anatafutwa mtu mwenye kitu nyumbani. Ndiyo maana "watu bien" ilikuja kumaanisha pia watu wa kuaminika, watu wa kukaa nao meza moja. Kamusi kubwa ya Kiskoti ya John Jamieson, iliyotoka Edinburgh mwaka 1808, inaanza na maana ya mali na utoshelevu, na mfano wake ni mkulima.

Sifa hiyo ina upande unaouma pia, nao haufai kufichwa. Lugha inayomheshimu mwenye kasha lililojaa inaweza kumfanya mwenye kasha tupu aonekane ana kosa. Robert Burns, mshairi wa Uskoti wa karne ya 18, alilijua hilo mwilini mwake. Baba yake, mkulima mpangaji, alikufa Februari 1784 akiwa amedhoofishwa na kesi ya kodi ya shamba. Mwaka uliofuata, kwenye barua ya kishairi kwa rafiki yake Davie, Burns anakaa karibu na moto huku upepo wa theluji ukipiga nje, na anakiri kwamba anawaonea wivu kidogo wakubwa wanaoishi "bien an' snug", kwa kujiweza na kwa joto. Hapa neno limehamia kwenye nyumba kubwa, na mshairi analitazama kutoka nje.

Lakini mtu huyohuyo, katika wimbo uliochapwa 1792, anamwimbisha Bess, mwanamke anayesokota uzi kando ya kijito. Bess anakibariki kijiti chake cha kusokotea uzi na gurudumu lake kwa sababu vinamvika bien kutoka utosini hadi kidole cha mguu. Hana shamba, hana girnel ya kuonyesha wageni. Ana kazi ya mikono na nguo inayomtosha. Anauliza ni nani angeiacha hali hii ya chini kwa fahari ya wakubwa. Nikiziweka beti hizi mbili pamoja sioni mgongano. Wivu wa kwanza ni wa mtu ambaye kujiweza kwake kumetikiswa na kodi ya mwenye shamba, na furaha ya pili ni ya mtu ambaye hadaiwi na yeyote.

Kiskoti kina neno jingine la mali, gear, na kulijua kunasaidia kuona mpaka. Gear ni vitu vyenyewe: mifugo, vyombo, fedha, chochote kinachoweza kuhesabiwa na kurithiwa. Mchoyo huitwa mkusanya gear, na hakuna anayemwita bien kwa sababu hiyo tu. Burns tena, katika ushauri wake kwa kijana mwaka 1786, anamwambia akusanye gear kwa kila njia ambayo heshima inaikubali, si ili aifiche kwenye ua wa miti wala ajizungushie watumishi, bali apate fahari ya kutomtegemea mtu. Neno bien halimo kwenye ubeti ule, lakini ukiniuliza gear inapaswa kumfikisha mtu wapi, ningekwambia ni kwenye ubien.

Kuhusu asili yake, wataalamu hawajakubaliana. Wapo wanaolifuata hadi Kifaransa, ambako bien ni "vizuri" na, kama nomino, ni mali. Wengine wanakwenda kwa watu wa kaskazini, kwenye beinn la Kinorse cha kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, neno lenye maana ya kunyooka na pia ya mtu mwepesi kusaidia na kukaribisha. Njia ya pili inanivutia kwa sababu ya ule ukarimu, maana nyumba isiyoweza kumlisha mgeni haiwi bien hata ikijaa fedha. Ila kuvutiwa si ushahidi, na tahajia ya siku hizi isikuhadae: watu walianza na bene na bein, na umbo la Kifaransa lilizoeleka baadaye.

Kwa anayetafsiri, usitafute neno moja la kulibandika kila mahali. Mkulima bien ni mkulima anayejiweza. Watu bien ni watu wenye nafasi yao, na ukiandika "matajiri" umewakosea. Kwa nyumba, "imesheheni" linafaa panapotajwa vitu, na "ina joto lake" panapotajwa moto. Mstari wa Henryson ulinichukua siku kadhaa. Nilianza na "limejaa vizuri", likawa kama la ghala la serikali. Mwishoni nikaandika hivi: shimo lake lilikuwa na joto la sufu, dogo tu, lakini limejaa neema, kuanzia jikoni mpaka chumba cha ndani.