Je, wajua ncha ya uzi wa hariri hutafutwa kwa fagio?

Kifukofuko kimoja cha hariri, yaani kifuko anachojifumia kiwavi wa nondo, ni kidogo kuliko yai la njiwa, lakini ndani yake mna uzi mmoja usiokatika, wa mita 600 hadi zaidi ya 1,000. Sasa ncha yake iko wapi? Kwa macho huioni. Kiwavi hufuma kwa siku tatu hivi akitikisa kichwa kwa mwendo wa tarakimu 8, na kila tabaka hulipaka gundi iitwayo serisini. Ukikivuta kikavu utaambulia usufi tu.

Kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, kilisifika kwa nguo za hariri tangu enzi za Wareno, ila hariri yenyewe ililetwa na vyombo vya ng'ambo. Kazi ya sufuria, ya kulegeza gundi kwa maji ya moto na kuuvuta uzi, walishaimaliza wengine.

Na sufuria ndiyo hasa yenyewe. Kwanza vifukofuko huanikwa jua kali, au hupigwa mvuke, ili bundo afe, yaani yule kiwavi aliyejifungia ndani kabla hajawa nondo. Akiachwa awe nondo atayeyusha tundu la kutokea, na uzi utakatika vipande vipande. Kisha maji ya moto, yanayokaribia kuchemka bila kutokota. Lamu ningetumia maji ya mvua ya jabia, si ya kisima chenye chumvichumvi, kwa kuwa madini huzuia gundi kulegea sawasawa.

Vikishalowa, vipapase kwa kifagio cha chelewa. Nyuzi za juu zitanasa. Vuta: mwanzoni hutoka matakataka, halafu ghafla kila kifukofuko kinatoa uzi mmoja safi, huku chenyewe kikichezacheza majini na kukonda hadi bundo wa kahawia anaonekana ndani. Harufu haipendezi, fungua madirisha.

Uzi mmoja ni mwembamba mno, hivyo unganisha wa vifukofuko vinane au kumi, upitishe kwenye kitundu cha waya, uuzungushe kwenye fremu ya mbao yenye mpini. Hapa ndipo panaponifurahisha: gundi ile ile iliyokuwa ikikuzuia, ikipoa, huzishikanisha nyuzi zote kuwa moja. Kifukofuko kikiisha, gusisha ncha ya kingine kwenye nyuzi zilizolowa, nayo hudakwa palepale.

Usishangae uzi ukitoka mkavu, mgumu, usiong'aa. Uchemshe kwa sabuni. Gundi itatoka na karibu robo ya uzito nayo, na mng'ao utajitokeza.