Vigawo tasa: undani wa namba kubwa

Trei ya mayai sokoni Arua hubeba mayai 30, safu tano za mayai sita sita. Toa yai moja, kisha jaribu kuyapanga 29 yaliyobaki mezani kwa safu zinazolingana. Ukipanga mbili mbili, moja linabaki. Tatu tatu, yanabaki mawili. Tano tano, manne. Hayakubali ila kukaa kwenye mstari mmoja mrefu. Namba ya namna hii, kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, ndiyo namba tasa. Namba tasa zinazozidishwa pamoja kuunda namba fulani ndizo vigawo tasa vyake: 30 ni 2 × 3 × 5.

Utamu wenyewe uko kwenye namba kubwa. Chukua 241,038, ambayo vitabu vingi huitaja kuwa eneo la Uganda kwa kilomita za mraba, maziwa yakiwemo. Ni shufwa, basi gawa kwa 2 upate 120,519. Jumlisha tarakimu zake: 1+2+0+5+1+9 ni 18. Kwa kuwa 18 inagawanyika kwa 9, na 120,519 inagawanyika kwa 9. (Mbinu hii naipenda kuliko zote, mtoto wa praimari anaiweza bila kalamu.) Igawe kwa 9 upate 13,391, yaani 7 × 1,913.

Je, 1,913 ni tasa? Hakuna haja ya kujaribu kila namba. Kama ingegawanyika, kigawo chake kimoja kisingezidi 43, maana 44 × 44 ni 1,936, na hapo tumeshaipita. Kwa hiyo tunajaribu namba tasa 14 tu, kuanzia 2 hadi 43. Kwa 13 inabaki 2. Kwa 29 imepungukiwa na 1 tu. Hakuna hata moja inayoigawa sawasawa. Ni tasa.

Basi 241,038 = 2 × 3 × 3 × 7 × 1,913. Aanzaye na 7 na aanzaye na 2 watakutana hapohapo. Mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alithibitisha jambo hilo mwaka 1801. Katika vigawo tasa hivyo tunasoma pia idadi ya vigawo vyote vya 241,038. Ile 2 unaichukua au unaiacha, njia mbili. 3 unaiacha, unaichukua mara moja au mara mbili, njia tatu. 7 njia mbili, 1,913 njia mbili. Jumla ni 2 × 3 × 2 × 2, yaani vigawo 24.

Namba ikirefuka, kazi inakuwa nzito mno, na uzito huo ndio unaolinda siri nyingi kwenye intaneti. Februari 2020 watafiti walipata vigawo viwili tasa vya namba yenye tarakimu 250. Kazi hiyo iligawanywa kwa prosesa nyingi za kompyuta. Ingeachiwa kiini kimoja cha prosesa, ingechukua takriban miaka 2,700. Kuvizidisha vigawo hivyo viwili ili kuirudisha namba ileile, simu ya mkononi huimaliza kabla hujapepesa jicho.