Kazi inayoanza kwa kukulipa

Siku hizi karibu kila mtu anajua kwamba mwajiri wa kweli hamtozi mwombaji ada. Hata Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unawakataza mawakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi, isipokuwa kwa vighairi vichache. Matapeli nao wanajua kwamba tunajua, ndiyo maana kesi nyingi ninazoletewa sasa zinaanza kwa mtu kulipwa.

Ujumbe unaingia WhatsApp au Telegram: kazi ya nyumbani, kubonyeza "penda" kwenye video au kuzipa hoteli nyota. Unafanya, na pesa kidogo inaingia kweli. Mashaka yanaisha hapo. Kisha unaingizwa kwenye kundi ambamo "wafanyakazi wenzako" wanarushiana picha za malipo (mara nyingi ni tapeli mmoja mwenye namba nyingi), unapewa "kazi maalumu" inayotaka utangulize pesa. Salio lako kwenye tovuti yao linapanda. Ukitaka kulitoa, mara ulipe kodi, mara kuna kazi hujakamilisha, mara akaunti imefungwa. Salio lile ni tarakimu tu kwenye skrini. Pesa yako ilishaondoka, mara nyingi kwa sarafu za kidijitali, na kuipata tena ni shughuli pevu.

Ofa ikija kwa barua pepe, nembo siiangalii kabisa. Kuinakili ni kazi ya sekunde. Naanza na anwani. Tuseme tovuti halisi ya kampuni ni mfano.com. Anwani inayoishia na ajira.mfano.com ni yao. Inayoishia na mfano-ajira.com ni ya yeyote aliyeisajili, pengine juzi tu, na tarehe ya usajili unaweza kuitafuta bure kwenye huduma za WHOIS. Bonyeza pia kitufe cha kujibu kabla hujaandika neno: anwani ikigeuka nyingine, achana nao.

Kazi ya "wakala wa malipo" ndiyo inayonitisha zaidi. Unapokea pesa kwenye akaunti yako, unabaki na asilimia, zilizosalia unazituma mbele. Hizo ni pesa za wizi, na jina litakalokutwa benki ni lako.

Kama umeshatuma pesa, ipigie benki yako simu leo hii, na usifute mazungumzo hata kama yanakutia aibu. Akijitokeza mtu wa kukurudishia pesa hizo kwa ada, ujue namba yako imeshauzwa kwa tapeli mwingine, au ni yule yule amerudi.